Nilivyolipia kivuli: maoni yangu kuhusu huduma ya kupanga bustani, Tegeta

Nianze na hesabu. Sisi tulio kwenye T1, daraja la bei ya umeme wa matumizi ya kawaida, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi inakupa uniti 28 na ushee. Chumba changu cha kushonea kina AC ya split, BTU 12,000, ya zamani isiyo inveta. Kaskazi ikikolea, kuanzia Desemba hadi Machi, ilikuwa inakula uniti nane, siku nyingine tisa, toka nafungua asubuhi hadi nafunga jioni. Elfu tatu inaondoka kila siku kabla sijanunua hata uzi. Na bado mteja akija kupima gauni saa tisa mchana ananiuliza, "Mama Rehema, hiyo AC imewashwa kweli?"

Fundi AC wangu aliisafisha, akapima gesi, akaona ipo sawa. Kisha akaweka kiganja kwenye ukuta kwa ndani, upande wa magharibi, akakitoa haraka. "Mama, mashine yako haina tatizo. Tatizo ni huu ukuta." Ni kweli, maana chumba kipo pembeni mwa uwanja, bloku za inchi sita, dirisha la alumini linatazama machweo, na kuanzia chini ya dirisha hadi getini ni pevingi tupu. Juu bati la msauzi, rangi ya damu ya mzee. Hakuna mti hata mmoja. Jua la jioni linaingia chini ya paa moja kwa moja, pevingi nazo zinalirudisha ukutani, na ukuta ukishashiba joto hulitema chumbani hadi baada ya Isha.

Ndipo nikatafuta watu wa bustani. Hawa ninaowaelezea wana kitalu kando ya Barabara ya Bagamoyo, wanauza miche na pia wanakuja nyumbani kupanga uwanja. Jina lao silitaji, kwa sababu mengine nitakayosema si matamu.

Aliyekuja kwanza ni kijana wa mauzo, nadhifu, simu imejaa picha. Nyumba za maghorofa, mawe meupe, michikichi ya mapambo, taa za chini, na kijibwawa cha maji yanayoruka. Bei milioni mbili na laki nne. Nikamuuliza, "Sasa kaka, saa kumi jioni kivuli kitaangukia wapi hapa?" Akapekua simu kama vile jibu lipo kwenye picha inayofuata. Mawe meupe yenyewe alitaka kuyamwaga chini ya dirisha la magharibi, yaani mwanga uliokuwa unarudishwa na pevingi sasa urudi mara dufu. Nikamwambia anitafutie mtu anayejua miti.

Kesho yake akaja mama mmoja, msimamizi wa kitalu chao, na hapo ndipo hela yangu ilipoanza kupata maana. Alifika jioni kwa makusudi. Hakuniuliza napenda maua gani, aliniuliza naanza kuhisi joto saa ngapi. Kisha akaomba ufito. Akamwita kijana wake ausimamishe uwanjani, yeye akasimama dirishani, akawa anamwelekeza: sogea, sogea tena, rudi kushoto, mpaka kivuli cha ufito kikakata dirisha katikati. Pale akachomeka kijiti. Halafu akakihamisha hatua kadhaa kuelekea kusini.

"Leo mwezi wa kumi, mdogo wangu," akaniambia. "Januari jua linazama limeegemea kusini zaidi. Ukipanda mti hapa penye kijiti cha leo, wakati wa joto lenyewe kivuli kitapita pembeni."

Nimekaa Dar maisha yangu yote, sijawahi kusikia mtu wa bustani akizungumza hivyo. Na ana haki. Tupo karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, mchana wa Desemba na Januari jua lipo karibu utosini, kuta hazipati shida sana kwa kuwa paa linazifunika. Ukuta wa mashariki unapigwa asubuhi wakati hewa bado ina ubaridi kidogo. Wa magharibi unapigwa wakati kila kitu kimeshapata moto. Kwa hiyo kama una hela ya kivuli cha upande mmoja tu, peleka magharibi, na kwa msimu wa joto kivute kidogo kusini.

Tukabishana kuhusu mti. Mimi nilitaka ashoki kwa kuwa kila nyumba mtaani inazo. Akacheka: ashoki inakwenda juu moja kwa moja, kivuli chake kama cha nguzo ya umeme. Mkungu una kivuli kipana kizuri, lakini mizizi yake inainua pevingi, na matunda yakianza popo watakuwa wanakula usiku na kuyaangusha juu ya bati. Mwembe nilikuwa na nafasi nao lakini si karibu na gata. Tukakubaliana mwarobaini: unavumilia ukame, unakua haraka, na majani unayo karibu mwaka mzima. Ukawekwa mita tano hivi kutoka ukutani na mbali na shimo la maji taka. Akasisitiza sana hilo la shimo.

Lakini mti ni deni la miaka. Cha haraka kilikuwa chanja: mabomba ya chuma na nyaya, kusimama nusu mita kutoka ukutani, kupandisha mpesheni. Ile nusu mita ina kazi yake. Hewa inapita katikati, ukuta haushiki unyevu, na siafu hawapati daraja la kuingilia dirishani. Wakati mpesheni bado ni vijiti, wakatandika neti ya kivuli, ile ya kijani ya vitaluni, juu ya hizo nyaya. Pevingi zikang'olewa upana wa mita mbili kufuata ukuta, pakawekwa udongo na samadi, pakapandwa ukoka. Pevingi zilizotoka nimewapa majirani wa nyuma, wamejengea njia ya kuku wao.

Sasa malalamiko.

Siku ya kumalizia kazi nilikuwa Kariakoo nanunua vitambaa. Kurudi, nakuta vijana wameizungushia mashine ya nje ya AC uzio wa ashoki pande tatu, majani yanaigusa, na mbele wameweka kisanduku cha mbao chenye mianya. Kwenye zile picha za yule kijana ndivyo ilivyokuwa, mashine haionekani. Inapendeza, sibishi. Wiki ile ile chumba kikawa na joto kuliko kabla, na kompresa haipumziki, inanguruma tu mfululizo.

Fundi AC akaja. Akatazama ule uzio, akaguna, akaniomba kipande cha kitambaa chepesi. Nikampa utepe wa shifoni. Akaushika mbele ya feni. Kwa kawaida hewa ya moto ingeupeperusha mbele na kwenda zake. Utepe ulikwenda mbele kiasi, ukagonga mbao, ukakunja kona kupitia pembeni, halafu ukavutwa nyuma ya mashine na kunasa kwenye mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya kutolea joto. Hakuhitaji kueleza sana. Ile mashine kazi yake ni kutupa nje joto ililolitoa chumbani. Ikizibwa inavuta tena joto lile lile ililolitupa, shinikizo la gesi linapanda, kompresa inafanya kazi ngumu zaidi, na kwenye jua kali inaweza hata kujizima yenyewe.

Ushauri wake: mbele paachwe wazi mita moja na nusu kama nafasi ipo, nyuma na pembeni pasipungue sentimita thelathini, juu pasizibwe na kitu. Na anayefyeka majani asielekeze mashine ya kufyekea upande ule, maana vipande vinaenda kujaza mapezi, vikichanganyika na vumbi na hewa ya chumvi ya huku kwetu, mapezi hayachelewi kuoza.

Wale wa bustani kwanza walitaka niwalipe gharama ya kung'oa. Nikakataa. Mama wa kitalu alipopigiwa simu alimaliza habari kwa sentensi moja, ashoki zikahamishiwa kwenye uzio wa barabarani. Kwake namshukuru, lakini kampuni inayojinadi kwamba itakupunguzia joto nyumbani haipaswi kusubiri fundi wa mteja aje kuwafundisha hilo.

Mwanangu anayesoma chuo cha teknolojia, DIT, aliniongezea jambo. Kwamba Kituo cha Nishati ya Jua cha Florida, Marekani, kiliwahi kupima faida ya kuweka kivuli kwenye mashine ya nje peke yake, wakakuta haifiki hata asilimia tatu. Na kwamba watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley walitoa matokeo mwaka 1997 ya nyumba mbili za Sacramento, California, zilizowekewa miti ya kivuli kuzunguka nyumba yenyewe, umeme wa kupoza ukashuka karibu asilimia thelathini. Sacramento ni joto kavu, sisi tuna unyevu wa bahari, kwa hiyo sikubeba namba hiyo kama yangu. Lakini ujumbe niliupata: kivulishe ukuta na dirisha, mashine iachie hewa.

Kwangu imekuwaje? Januari iliyofuata, AC ikiwa ile ile na nyuzi zile zile 24, chumba kinatumia uniti sita, siku mbaya saba. Pasi yangu haimo humo, nina mita ndogo ya pembeni kwa ajili ya AC. Kiganja kinakaa ukutani saa kumi na moja bila shida. Kompresa inakata, inapumzika, inawaka tena, mlio ambao nilikuwa nimeusahau. Kazi kubwa ya miezi ya mwanzo niliona imefanywa na ile neti ya bei rahisi, kisha mpesheni ikashika zamu. Mwarobaini kwa sasa unanipita kimo kidogo tu, kwa hiyo sifa zake bado.

Ambacho hakijabadilika hata chembe ni saa sita hadi saa nane mchana. Jua likiwa utosini linapiga bati, na hakuna mpesheni itakayopanda juu ya bati la msauzi ikalifunika. Hapo dawa ni dari, kuweka kizuia joto juu ya jipsamu, ambayo ni kazi ya watu wengine kabisa. Yule kijana wa mauzo aliniambia bustani itamaliza joto lote. Muongo.

Kitu kingine nilichomkatalia ni uzio mnene wa michongoma upande wa kaskazini mashariki, eti kuzuia vumbi. Upande huo ndiko kaskazi inakotoka. Jioni nazima AC, nafungua madirisha ya pande mbili, upepo unapita, na hayo ni masaa ambayo LUKU haihesabu. Ukiuziba upepo wa msimu wa joto kwa mimea, ulichookoa kwa kivuli unakirudisha kwenye umeme wa usiku.

Maji nayo. Mpesheni haipendi maji yetu ya kisima yenye chumvi. Miche ya kwanza ilianza kuungua majani pembeni, wakaibadilisha bure kwa masharti nimwagilie maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua. Ukoka haujali sana. Ninamwagilia alfajiri, si jioni chini ya dirisha, kwa sababu sitaki kuongeza unyevu ambao AC italazimika kuutoa. Na vile vyungu vya mapambo walivyoniachia na visahani chini yake nilivirudisha. Sisi tuliougua dengue Dar mwaka 2019 hatuweki visahani vya maji karibu na meza ya kazi, mbu wake anauma mchana.

Bei: tulipofuta mawe, taa na kijibwawa, ikashuka hadi milioni moja, laki tatu na nusu. Chanja ndiyo iliyokula nyingi, kwa sababu ya mabomba na kuchomelea. Ukiwa na fundi wako wa kuchomelea unaweza kupunguza hapo. Lipa nusu kabla na nusu baada ya kazi, na ile nusu ya mwisho usiitoe mpaka AC imewashwa mchana kutwa mbele yako.

Nikipewa kugawa alama: mama wa kitalu na miche yake, tano kwa tano. Vijana wa kupanda, tatu. Wana nguvu, wanafika mapema, ila hawaulizi. Mauzo, moja, na hiyo ni kwa ajili ya shati lake. Ukiwapigia, sema wazi unamtaka msimamizi wa kitalu aje jioni, na uwe na ufito tayari.