Windows 10 imefika mwisho: uhamie wapi na laptopu yako? Chaguo tano, kuanzia bora

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft imeacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Laptopu yako bado inawaka, Word inafunguka, filamu zinacheza kama jana. Kilichokoma ni kuzibwa kwa mianya ambayo wezi wa mtandaoni huigundua mwezi baada ya mwezi. Ikiwa mashine hiyo ndiyo unayoingilia eCitizen ya huduma za serikali, iTax ya kodi na benki, una sababu ya kuhama.

Shida ni kwamba laptopu nyingi zilizo mikononi mwa watu hapa Kisumu, na hata Kakamega na Nakuru, haziwezi kupokea Windows 11. Mfumo huo unataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au, kwa laptopu za AMD, Ryzen kuanzia mfululizo wa 3000. HP EliteBook 840 G3, mashine iliyojaa maofisini na mabwenini, ni ya kizazi cha 6. Nguvu inayo ya kutosha kwa kazi za kawaida, lakini imefungiwa mlango. Ndipo muuzaji anakwambia ununue nyingine. Kwa watu wengi ushauri huo ni wa haraka mno, na elfu thelathini ni karo ya mtoto.

Ukihitaji muda wa kujipanga, upo. Fungua Settings, kisha Windows Update, ujisajili kwa masasisho ya nyongeza yanayofika Oktoba 13, 2026. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, hulipi chochote. Usipotaka, ni dola 30 kwa mwaka huo. Itumie nafasi hiyo kuamua, kisha uhame.

Halafu chukua karatasi uandike kila programu unayoitumia kwa kazi. Siyo zile zilizomo kwenye mashine, bali zile ambazo zikikosekana kesho kazi inasimama. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia, kuliko maoni ya fundi yeyote, mimi nikiwemo.

Ya kwanza: Linux Mint kwenye laptopu uliyo nayo

Mint ni mfumo endeshi unaowekwa badala ya Windows. Naiweka juu kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi vizuri kwenye mashine za miaka kumi iliyopita, na haimtishi mtu aliyezoea Windows. Menyu iko pembeni chini kushoto, saa iko kulia, folda zinafunguka kwa kubofya mara mbili. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na litapata masasisho hadi 2029. Linaanza na RAM ya GB 2, ila mimi nisingeshauri chini ya GB 4, na ukiwa na 8 utafurahi.

Ikiwa laptopu bado ina diski ya kizamani, ile inayozunguka, weka SSD kwanza, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Hakuna gharama nyingine ndogo itakayokupa tofauti kubwa kama hiyo. Mashine iliyokuwa ikikusubirisha unywe chai nusu kikombe kabla ya kuwaka itakuwa tayari kabla hujavuta kiti. Nunua SSD yenye jina linalojulikana na risiti. Zile zisizo na jina kwenye meza za barabarani mara nyingine huandikwa ukubwa ambao hazina.

Uzuri mwingine ni kwamba unaijaribu kabla ya kugusa chochote. Faili la kusakinishia lina kama GB 3, kwa hiyo lipakue kwa Wi-Fi ya nyumbani au ya chuo, usimalizie bando la siku hapo. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Zima laptopu, iwashe tena ukibonyeza F9 ikiwa ni HP, au F12 kwa Lenovo na Dell, kisha uchague flashi. Mint itafunguka yote kutoka kwenye flashi huku Windows yako ikiwa imelala salama kwenye diski.

Hapo sasa jaribu kila kitu. Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera je? Funga kifuniko, ufungue, uone kama inaamka. Wi-Fi ikikataa usikate tamaa: unganisha simu kwa kebo ya USB, ishiriki intaneti, kisha fungua Driver Manager itafute kiendeshi chenyewe. Halafu beba flashi hiyo hadi kwenye printa unayoitumia uchape ukurasa mmoja. Printa za HP kwa kawaida hukubali mara moja, na nyingi za Epson za tangi la wino pia. Usisahau skana, maana kuna printa inayochapa vizuri lakini ikakataa kuskani.

Wenye saiba, yaani maduka ya kompyuta na uchapaji, wana sababu ya ziada. Mama mmoja wa Kondele aliniuliza, "Kijana wangu, hizi flashi za wateja zinanimaliza, nifanyeje?" Alikuwa anasema kuhusu vile virusi vinavyoficha folda za mtu na kuacha aikoni za njia ya mkato tu, na mteja anadhani saiba imemfutia CV yake. Virusi hivyo vimeandikwa kwa Windows. Ukichomeka flashi hiyo hiyo kwenye Mint, folda zilizofichwa zinaonekana zimekaa palepale, unanakili faili la mteja, unamchapishia. Kompyuta moja ya Mint kwenye kaunta, kwa ajili ya kupokelea flashi tu, inatosha kuokoa zile nyingine zote.

Nyaraka ndizo huwatia watu hofu zaidi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro walio katikati ya tasnifu. LibreOffice, programu ya nyaraka inayotumika kwenye Mint, inafungua faili za Word, inaonyesha masahihisho na maoni ya msimamizi, na inakuruhusu kujibu. Fonti za Microsoft hazimo, lakini zipo mbadala zenye upana uleule wa herufi: Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, Liberation Serif badala ya Times New Roman. Mistari haihami ovyo. Panapoweza kuhama ni kwenye majedwali mazito na picha zilizopangwa katikati ya maandishi. Kwa hiyo chochote kinachokwenda kuchapwa kwingine, kihifadhi kama PDF kwanza. Stata na R zina matoleo ya Linux, kwa hiyo wa takwimu msiwe na wasiwasi.

Mint inaposhindwa, nalisema wazi: QuickBooks ya kusakinisha, AutoCAD, CorelDRAW na Photoshop hazina toleo la Linux. Ikiwa moja ya hizo iko kwenye karatasi yako na ndiyo inayokulisha, ruka hadi chaguo la pili. Usikubali kuambiwa "utazoea nyingine" na mtu asiyelipa kodi ya duka lako. Anayejaza ritani za biashara kwa faili za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha) naye ajaribu fomu yake kabla ya kufuta Windows. Wa mshahara pekee hujaza moja kwa moja kwenye kivinjari, hana tatizo.

Siku ya kuhama yenyewe, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha fungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala hiyo uone zinasomeka. Nakala ambayo hujaifungua haijawa nakala. Ukitaka kubaki na Windows na Mint pamoja, angalia kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda faili, na uandike ule ufunguo wake wa kurejesha mahali salama.

Ya pili: laptopu ya mtumba ya kizazi cha 8, yenye Windows 11

Hii ndiyo njia ya mhasibu, mchoraji ramani za nyumba na mwenye studio ya mabango. Tafuta zile zilizotumika ofisini ng'ambo: ThinkPad T480, Dell Latitude 7490, EliteBook 840 G5. Zikiwa na RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, bei hucheza kama elfu ishirini na tano hadi thelathini na tano kulingana na hali yake na jinsi unavyopatana. Kati ya hizo tatu, kwa mji unaopotelewa na stima mimi huchagua T480: ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa, na RAM yake inaongezeka kwa bisibisi tu.

Usinunue kwa jina la nje. Kuna 840 G5 zilizotengenezwa na prosesa za kizazi cha 7, na hizo hazikubaliki kwa Windows 11 ingawa kwa nje zinafanana kabisa na wenzake. Fungua System, usome namba ya prosesa: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayoongea.

Ukiwa bado dukani, iwe ni Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu au Kenyatta Avenue kule Nakuru, izime, iwashe tena na uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka: F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji hana, irudishe mezani, hata kama bei imekuvutia. Mashine za kampuni huja na kufuli hizo, na kuziondoa ni kazi ngumu. Ukishaingia Windows, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, halafu ulinganishe Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Betri iliyobaki na nusu ya uwezo wake ni hoja ya kushusha bei. Mwisho, kwenye Activation, hakikisha Windows ni halali. Mashine hizi kwa kawaida zina leseni yake ndani ya ubao mama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwekewa iliyokrakiwa, yaani isiyo na leseni halali. Programu za kukraki ni mlango maarufu wa virusi.

Ya tatu: MacBook Air M1

Ni mashine nzuri sana. Ilitoka Novemba 2020, haina feni, betri inakaa mchana kutwa, na bado inapokea matoleo mapya ya macOS, mfumo endeshi wa Apple. Naiweka ya tatu kwa sababu ya bei, ambayo ni mara mbili au zaidi ya T480, kwa sababu RAM haiongezeki kamwe, na kwa sababu mafundi wa Mac huku kwetu ni wachache kuliko wa HP na ThinkPad. Wanaohariri video na muziki wasisite. Sharti ni moja: muuzaji aifute mbele yako, uiunganishe na intaneti, ufike hadi mwisho wa matayarisho bila kuulizwa akaunti ya Apple ya mtu mwingine wala kuonyeshwa kwamba inasimamiwa na kampuni fulani. MacBook Air ya 2017 ya bei nafuu iache. Inaishia macOS Monterey, ambayo nayo haipati masasisho, kwa hiyo utakuwa umetoka shimo moja ukaingia jingine.

Ya nne: ChromeOS Flex

Ni mfumo endeshi wa bure kutoka Google, unaofanya kazi nyingi kwenye kivinjari. Inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 16. Inamfaa mzee anayesoma magazeti na barua pepe, au mtoto wa shule. Haina Play Store, na bando likiisha kazi nyingi zinasimama. Ukikutana na Chromebook ya mtumba (laptopu iliyotengenezwa kwa mfumo huo wa Google) badala yake, soma kwenye mipangilio tarehe ambayo masasisho yatakoma, na uhakikishe haijafungwa na shule ilikotoka.

Ya tano: Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyokubalika

Inawezekana. Rufus huondoa ukaguzi wa TPM na prosesa, na fundi atakufanyia kwa pesa kidogo. Lakini Microsoft haijiwajibishi kukupa masasisho kwenye mashine kama hiyo, na kila toleo kubwa la mwaka itabidi uliweke kwa mkono upya. Umehama ili upate usalama, na usalama ndio usiohakikishiwa. Pesa anayoitaka fundi kwa kazi hiyo, ianzie kuwa akiba ya SSD.