Kununua Beseni la Kuotea Moto Uani: Tazama Miguu Kwanza

Septemba ikishakatika na jioni za hapa Ohio zikaanza kuuma, ujumbe ninaoupata kutoka kwa wasomaji huwa wa namna moja. "Dada, tumenunua lile beseni la kuwashia kuni lisilotoa moshi, moto unawaka vizuri mno, lakini wageni wanakaa kidogo tu, wanaanza kuingia ndani mmoja mmoja." Kaka mmoja Mkongomani wa Dayton kaandika kwa kifupi: uso unaungua, miguu barafu. Mama mwingine wa hapahapa Columbus yeye kanitumia picha ya sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Viti vimepangwa vizuri kuzunguka moto, taa ndogondogo zimening'inizwa kwenye uzio, na kila aliyeketi kajifunika blanketi kuanzia kiunoni kwenda chini. Blanketi, mbele ya moto!

Kwa hiyo sitapoteza muda wenu kwa rangi, uzito, wala kama lina mkoba wa kubebea. Hayo yameandikwa kila mahali. Nina swali moja ambalo wauzaji hawalijibu kwa sababu hawaulizwi: ukiwa umekaa kwenye kiti chako, je, makaa yanaiona miguu yako?

Joto la moto wa nje linakufikia kwa kusafiri moja kwa moja, kama mwanga. Hewa ya moto yenyewe inapanda juu na kuwapasha popo. Kinachokupasha wewe ni mwako wa makaa na ndimi za moto unaokugonga mwilini bila kuzuiwa na kitu. Weka ukuta katikati, nyuma ya ukuta ni baridi. Na ukingo wa beseni ni ukuta.

Tuchukue beseni maarufu sana siku hizi, Solo Stove ya saizi ya Bonfire. Kipenyo chake ni inchi 19.5, kimo inchi 14. Tuseme makaa yamelala inchi 8 chini ya ukingo. Mstari unaotoka kwenye makaa ya katikati ukapita juu kidogo ya ukingo, ukimfikia mtu aliyekaa futi 3 mbali, unamkuta kwenye inchi 43 kutoka chini. Hapo ni kidevuni kwa aliyekaa. Hata ukihesabu makaa ya upande wa pili kabisa, mstari unapita kwenye inchi 29, juu ya mapaja. Miundi yako iko gizani usiku kucha. Ndimi zikiwa ndefu unapata nafuu, maana zinachomoza juu ya ukingo, ila moto wa maongezi hauwi wa ndimi ndefu. Watu wanaongea vizuri moto ukishatulia, na hapo ndipo baridi inapoanza kutambaa kutoka kwenye viatu.

Jaribio lake halina gharama. Ukienda dukani, washa tochi ya simu, iweke ndani ya beseni mahali makaa yatakapolala, ikitazama pembeni. Vuta kiti, kaa futi 3 kutoka ukingoni, kisha tazama mwanga unakugonga wapi. Mfanyakazi wa duka atakushangaa. Mwache ashangae, hela ni zako.

Sasa orodha yangu, na nasema mapema kwamba nina upendeleo.

La kwanza: Ohio Flame, lile beseni lao liitwalo Patriot. Ndiyo, ni la jimbo letu, na ndiyo, ninalipigia debe. Ni bakuli la chuma cha kaboni, nene, la ukuta mmoja. Huo ukuta mmoja ndio siri. Mabeseni yasiyotoa moshi yana kuta mbili, na katikati yake hewa inapita ikielekea juu kwenda kuchoma moshi. Matokeo yake ukuta wa nje unapata joto dogo kuliko wa ndani. Bakuli la Patriot lenyewe linapata moto, na chuma kikishapata moto kinaanza kutoa joto pande zote, na kwa kuwa ni bakuli, tumbo lake limeelekea chini na pembeni, yaani kwenye magoti na miundi. Miguu inaota kwenye chuma hata pale isipoyaona makaa. Wazee wangu wa Njombe wangelielewa beseni hili bila kusoma karatasi ya maelekezo.

Lina pia tundu la kutolea maji chini. Msilione dogo. Majivu yaliyolowa hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma wiki nzima, na beseni jembamba lisilo na tundu linatoboka lenyewe baada ya misimu michache. La Patriot litashika kutu ya juujuu likawa la kahawia, na limekusudiwa liwe hivyo. Usilipake rangi. Kama mke wako au mume wako hapendi kutu, nunueni kitu kingine kabla hamjagombana.

Moshi? Upo. Tutaushughulikia kwa mpangilio wa viti huko mbele. Bei? Ni ya kuumiza, na linahitaji wanaume wawili kulishusha kwenye gari. Lakini ukishaliweka, umeliweka.

La pili halina jina la kampuni: duara la matofali, juu ya ardhi, fupi. Watu wengi wakisikia shimo la moto wanachukua sepetu. Usichimbe! Ukichimba futi moja umezika makaa, na tumerudi kulekule kwenye ukuta, safari hii ukuta ni udongo. Moto ukae usawa wa ardhi, uzungushiwe ukingo wa inchi 8 tu, upana wa ndani futi 3. Kwa vipimo hivyo mwanga wa makaa unakufikia chini ya goti. Usizidishe hapo, kwa sababu kanuni za mazingira za Ohio zinautaka moto wa burudani usipite upana wa futi 3 na kimo cha futi 2, na kuni ziwe safi, zilizokauka.

Matofali ya saruji ya bustani yanapasuka yakipigwa na moto moja kwa moja, kwa hiyo ndani weka matofali ya tanuri au pete ya chuma. Na mawe ya mtoni, yale laini ya mviringo yanayopendeza kwenye picha, yaache mtoni. Yana maji ndani; yakipata moto, maji yanageuka mvuke na jiwe linalipuka.

La tatu, Breeo. Hawa ni wa Pennsylvania, kaunti ya Lancaster. Ni la kuta mbili, kwa hiyo lawama ya miguu inawahusu pia, lakini ni zito, limetengenezwa lidumu, na lina nguzo ya wavu inayouzwa pembeni ambayo unaizungusha juu ya moto. Kama uani kwako lazima kuwe na mishkaki na ndizi za kuchoma, na kwetu lazima, hili ndilo beseni lisilotoa moshi ambalo ningelitetea. Mpishi anasimama, hana shida ya miguu.

La nne, Solo Stove. Najua wengi mmelinunua. Lilivuma zaidi Novemba 2023, pale rapa Snoop Dogg, mvutaji bangi maarufu, alipotangaza kwamba "anaacha moshi," dunia ikapigwa butwaa, baada ya siku chache ikajulikana ni tangazo la beseni. Tangazo tamu. Na beseni lenyewe si baya: chuma cha stenlesi, jepesi, moto unashika upesi, na kweli moshi ni kidogo kuni zikiwa kavu. Shida ni ile niliyokwisha kuisema. Wenyewe wanaijua, ndiyo maana wanauza sahani ya chuma inayokaa juu ya moto kwa miguu yake mitatu ili irudishe joto pembeni. Sahani hiyo inafanya kazi. Wasomaji wangu walioinunua wameacha kulalamika. Lakini hesabu vizuri: beseni, sahani, kigoda cha kulinyanyua lisiunguze mbao za baraza, kifuniko cha mvua. Na kigoda kinapandisha ukingo juu zaidi, kwa hiyo umelipa hela kuongeza tatizo ambalo umelipa hela kulitatua.

La tano, meza ya gesi. Meza nyingi za gesi zina kimo cha inchi 24 hivi, na moto uko juu ya meza. Miguu yote iko chini ya meza. Sina la kuongeza kuhusu joto. Za kawaida zinakula BTU (kipimo cha joto) 50,000 kwa saa, na mtungi wa pauni 20 una kama BTU 430,000, kwa hiyo ukifungua mpaka mwisho, unamaliza mtungi kwa takriban saa 8 na nusu. Ninaiweka hapa kwa ajili ya mwenye pumu nyumbani, na kwa wanaokaa kwenye nyumba za kupanga ambako mwenye nyumba kakataza kuni. Someni mkataba hata hivyo, maghorofa mengi yanakataza vyote viwili.

Mabeseni membamba ya dola chache yanayorundikwa mlangoni mwa maduka makubwa kila masika: ukingo ni mfupi, joto lipo, miguu inaota. Yanatoboka. Basi.

Sasa viti. Kwenye Patriot au duara la matofali, magoti yakae futi 3 kutoka ukingoni, na nyuma ya kiti uache nafasi ya mtu kupita na sinia la chai bila kusema samahani. Hiyo inakupa sakafu ya upana wa futi 16 au zaidi. Usifunge duara. Upepo wa huku mara nyingi unatoka magharibi na kusini-magharibi, kwa hiyo upande wa mashariki na kaskazini-mashariki uache wazi. Hapo ndipo moshi utakapokwenda, weka rundo la kuni badala ya shangazi. Viti vya Adirondack ni vizuri kwa kijana, ila ni vya chini na vimelala nyuma, na mzee akishaketi ni shughuli kumtoa. Weka hata viwili vya kawaida vyenye mikono. Na sakafu ikiwa ya kokoto ndogo za mviringo, miguu ya kiti inazama, kiti kinainama kuelekea motoni. Weka mawe bapa chini ya viti vya wazee.

Kuhusu umbali na nyumba, miji mingi inafuata kanuni ya kimataifa ya moto: futi 25 kwa moto wa wazi wa chini, futi 15 kwa beseni la kuhamishika, ingawa nyumba za familia moja au mbili husamehewa hiyo ya 15. Piga simu kwa zima moto wa mji wako, hawaumi.

Jambo linalonichosha zaidi ya mabeseni ni bei zake. Kuna duka moja la mtandaoni ambalo nimelifuatilia tangu kiangazi. Kila nikifungua, beseni limekatwa bei, saa inahesabu kurudi nyuma kwa wino mwekundu, "imebaki leo tu." Kesho yake leo imeanza upya. Bei ile iliyopigwa mstari sijawahi kuiona ikitozwa mtu. Sisi tuliokulia Kariakoo tunajua bei ya kutajiwa na bei ya kuuziwa, lakini Kariakoo angalau muuzaji anakutazama usoni akidanganya, na unaweza kumjibu.

Halafu kuni. Vifurushi vile vilivyofungwa kwa nailoni mlangoni mwa vituo vya mafuta vina futi za ujazo 0.75 tu. Kordi moja kamili ni futi za ujazo 128, yaani vifurushi kama 171. Zidisha kwa dola 7 uone umefika wapi. Nunua kwa mkulima wa karibu, na kweli awe wa karibu. Kuni zinazosafirishwa kutoka mbali ndizo zinazobeba wadudu. Mdudu wa kijani aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na kuingia Ohio mwaka uliofuata ameenea kwa njia hiyo pia, akaangamiza mamilioni ya miti ya mlivu (ash kwa Kiingereza). Mbao za paleti, zile fremu za kubebea mizigo, ukizipata bure, tafuta muhuri: HT zilitibiwa kwa joto, MB zilipigwa dawa ya sumu, hizo usizichome mbele ya watoto wala nyuma yao.

Na ukiagiza kordi, mpokee mwenye kuni ukiwa na futi kamba mkononi. Rundo lililopangwa liwe futi 4 kwenda juu, futi 8 urefu, futi 4 kwenda ndani. Niliyemwita mimi mwaka jana alileta rundo lenye futi 4 na futi 8 sawasawa, akasimama mbele yake akitabasamu. Kwenda ndani ilikuwa kuni moja tu, inchi 16. Hiyo ni theluthi. Nilimlipa theluthi, akaondoka akinung'unika kwamba wateja wengine hawapimi.