Uzoefu wangu na Proxmox: seva mbili hazikutosha

Kwa miaka mitatu sasa ninasimamia seva za chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu Tororo na matawi Busia na Malaba. Kazi hiyo ninaifanya kwa Proxmox VE, programu huria iliyojengwa juu ya Debian (aina ya mfumo wa Linux), ambayo huunganisha seva kadhaa kuwa klasta moja, na seva moja ikifa, mashine pepe (kompyuta za kiprogramu) zilizokuwa ndani yake huwashwa kwenye seva nyingine. Ninaipendekeza kwa moyo wote, ila kwa anayekubali kujifunza kwanza maana ya akidi.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Tulianza na seva mbili, nikiamini kwamba moja ikianguka nyingine itabeba mzigo. Jumatatu moja umeme ulirudi kwa kishindo na kuunguza pawasaplai ya seva ya kwanza. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikitazama taa za seva ya pili kwa matumaini. Baada ya kama dakika moja nayo ikajizima, ikajiwasha upya, kisha ikatulia bila kuwasha hata mashine pepe moja, huku foleni ya wanachama ikirefuka nje ya dirisha la karani.

Sababu ni hesabu ya kura. Kila nodi, yaani kila seva ya klasta, ina kura moja, na klasta haifanyi uamuzi bila zaidi ya nusu ya kura zote, kama vile mkutano mkuu wetu usivyopitisha azimio kabla akidi haijatimia. Kura moja kati ya mbili haizidi nusu. Seva iliyobaki haikuwa na njia ya kujua kama mwenzake amekufa au ni kebo tu iliyochomoka, na kama zote mbili zingeendelea kila moja kivyake, daftari la wanachama lingeandikwa mahali pawili kwa namna mbili tofauti. Tangu nilipoelewa hivyo, nimeheshimu kule kujizima kwake.

Dawa yake ilikuwa kura ya tatu. Proxmox inaruhusu kura hiyo itoke kwenye kompyuta ndogo isiyo nodi kamili, wala si lazima iwe karibu. Yetu iko Busia, na intaneti ya huko ikikatika, nodi mbili za Tororo bado zina kura mbili kati ya tatu.

Nodi zenyewe hazivumilii ucheleweshaji. Huzungumza kupitia Corosync, programu inayopitisha ujumbe kati ya nodi, na sisi tulikuwa tumeiweka kwenye swichi moja ya mtandao na nakala rudufu za usiku. Nakala zilipojaza njia, nodi zilipotezana na kujiwasha upya. Nikavuta kebo ya pekee kati yao, na tatizo halijarudi.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mhasibu aambiwe mapema. Ukitumia unakilishaji wa ZFS (mfumo wa kuhifadhi data kwenye diski), ambao hunakili diski za mashine pepe kwenye seva nyingine kwa vipindi, ratiba ya kawaida ni kila dakika 15, na seva ikifa, kilichoandikwa baada ya nakala ya mwisho hupotea. Kwa amana za watu hilo halikubaliki, kwa hiyo hifadhidata yetu inajinakili yenyewe papo hapo kwenye seva ya pili.

Ufuatiliaji ni mwepesi: Proxmox hutuma vipimo vyake InfluxDB, hifadhidata ya vipimo, na Grafana, programu ya kuchora grafu, huvichora na kunitumia ujumbe kwenye simu. Mashine ya ufuatiliaji nimeiweka nje ya klasta, kwa sababu ikiwa ndani itanyamaza siku ile ile ninapoihitaji.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya kufunga hesabu, ninachomoa umeme wa seva moja kwa makusudi na kushika saa. Kwa kawaida mashine pepe huwa zimeanza kuwaka upande wa pili baada ya dakika mbili hivi, na karani wa Malaba hunipigia kusema, "Kaka, imerudi."