Gari limeshushwa na tairi zinaliwa ndani: ununue kipi kurekebisha kemba

Gari likishushwa, yaani likipunguzwa kimo, vichwa vya matairi huinamia ndani na sehemu za chini hutoka nje, likasimama kama mtu aliyetanua miguu. Hiyo ndiyo kemba hasi. Baada ya muda unapapasa tairi kwa ndani, unakutana na waya, ilhali upande wa nje meno bado mapya. Hapo wengi hukimbilia vifaa vya kemba. Hata mimi nilikimbilia: nikanunua pleti za juu ya shokapu (zinazosogeza kichwa cha shokapu ndani au nje), nikazifunga kwa fahari, na tairi likaendelea kuliwa vilevile. Mwizi alikuwa tou.

Tou ni namna matairi mawili ya mbele, au ya nyuma, yanavyoelekea ukiyatazama kutoka juu: yanabana pua au yanaachana. Gari likishuka, ami (mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu) na tairodi (fito zinazogeuza tairi kwa usukani) hubadilisha pembe, na tou huhama pamoja na kemba. Tairi lenye kemba hasi ya digrii moja na nusu hutembea barabarani bila shida kubwa iwapo tou imenyooka. Tou ikiharibika, tairi linaburuzwa kidogo kila linapozunguka, na kwa kuwa kemba imeegemeza uzito ndani, ukingo huo ndio unaolipa. Watu wakiuona wanailaumu kemba. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na kitu ambacho si kifaa.

Nafasi ya kwanza: alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu yote manne. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mashine nyingi huandika digrii na dakika, na dakika 60 ni digrii moja, kwa hiyo −1°30' ni moja na nusu, si moja nukta tatu. Kwa tairi lenye kimo cha sentimita 60, digrii moja ni tofauti ya takriban milimita 10 kati ya juu na chini. Unaweza hata kuikisia kwa jicho. Kabla ya kupima, tikisa boljointi (kiungo cha mpira wa chuma mwishoni mwa ami) na ukague bushi za ami (mipira ya kwenye maungio), maana bushi iliyokufa inatoa kemba ya uongo. Springi mpya nazo zipe siku kadhaa zikae.

Kisha uliza kama gari lako lina marekebisho yake ya kiwandani. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, ina bolti za kemu (zenye nundu, ukizizungusha ami inasogea) kwenye ami za chini za magurudumu yote manne. Subaru Impreza inayo kwenye shokapu za mbele, BMW E46 kwenye ami za chini za nyuma. Mwenye gari la aina hii asinunue chochote mpaka bolti hizo zifike mwisho. Mara nyingi hazijafika mwisho, zimeshikwa na kutu tu ndani ya bushi. Bolti na bushi mpya ndizo dawa.

Nafasi ya pili: ami za kurefusha na kufupisha. Hizi ni za magari yenye ami ya juu na ya chini, au yenye ami nyingi kwa kila gurudumu la nyuma. Ami ya juu kwa kawaida ni fupi kuliko ya chini, basi gurudumu linapopanda kuelekea bodi, kichwa cha tairi huvutwa ndani haraka. Honda Civic za miaka ya 1992 hadi 2000 zinajulikana kwa hilo, mbele na nyuma. Ugonjwa uko kwenye urefu wa ami, na dawa inagusa palepale. Ila chagua kwa akili: kurefusha ami ya juu kunasukuma tairi nje kuelekea ukingo wa bodi, kufupisha ya chini kunalivuta ndani. Kama rimu zako ni pana na tairi tayari linakwaruza bodi, ya chini ndiyo yako. Kagua kama inarekebishwa ikiwa imefungwa garini, na kama nyuzi zinabaki za kutosha ndani ya chuma baada ya kurefushwa. Kwa gari la kila siku chukua zenye bushi za mpira. Zile za boli la chuma hugonga zikiingia vumbi. Bolti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza likiwa kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda na utachanika mapema.

Nafasi ya tatu: bolti za kemba, kwa magari ambayo shokapu imefungwa kwa bolti mbili kwenye nakali, kile chuma kinachobeba gurudumu. Ni bolti nyembamba yenye nundu. Ukiizungusha, nakali inasogea. Ni rahisi kufunga na mara nyingi hutoa digrii moja hivi au zaidi kidogo. Udhaifu wake ni kwamba kinachoishika ni mkazo tu, na shimo moja zito la barabarani linaweza kuihamisha. Nunua kwa kipenyo cha bolti yako, ikaze kwa spana ya kupima mkazo kufuata karatasi ya bolti hiyo, si ya gari, kisha chora alama ya rangi ili uone ikihama.

Pleti za juu ya shokapu naziweka chini. Wanaozinunua wengi ni watu wa mashindano wanaotaka kemba hasi zaidi. Wewe unataka kurudi nje, na tundu la bodi halikupi nafasi kubwa. Kama koilova zako (shokapu na springi za kurekebisha kimo) zilikuja nazo, zitumie.

Shimu (vipande vyembamba vya kuinamisha gurudumu) za ekseli ya nyuma isiyo na ami za kujitegemea usizinunue kwa sababu ya kushusha: ekseli hiyo haibadilishi kemba kwa kiasi cha maana ikishuka. Kama imepinda, ni kwamba imegongwa. Kutanua tundu za bolti kwa tupa au kupasha ami moto ili ipinde hakumo kwenye orodha hii kabisa.

Mwenye koilova ana njia isiyouzwa: pandisha sentimita moja au mbili, upime tena. Inauma kwa macho, najua.

Chochote utakachofunga, fundi aanze nyuma, kemba kwanza halafu tou, kisha mbele kwa utaratibu huohuo, usukani ukiwa umenyooka. Pima tena baada ya kilomita mia chache. Na tairi lililoanza kuliwa ndani, kama halijafika kwenye waya na halina mshale wa mwelekeo wala maandishi ya upande wa nje, ligeuzwe kwenye rimu.