Umoja wa wastaafu wa kikosi mjini Dodoma: tathmini ya familia ya mwanachama

Familia nyingi za askari hapa Dodoma huanza kuutafuta umoja wa wastaafu wa kikosi siku mzee anapofariki, wakati ambapo akili haijatulia na nyaraka hazijulikani zilipo. Tathmini hii naiandika kwanza kwa ajili ya wale ambao mzee wao angali hai. Marehemu baba yangu alistaafu akiwa sajinitaji, akajenga Nzuguni, na akaendelea kulipa ada ya umoja wa askari wastaafu wa kikosi chake hadi alipofariki. Tangu hapo mama ndiye anayepokea huduma za umoja huo, nami ndiye ninayemsindikiza. Sitautaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya niliyo nayo ni malalamiko ambayo tumeshayapeleka kwa viongozi wake ana kwa ana, na ninaamini bado wanaweza kuyarekebisha.

Ofisi yao ni chumba kimoja cha kupanga, si mbali na Soko la Majengo, na hufunguliwa asubuhi za Jumanne na Alhamisi. Kuna meza, kabati la chuma na mabenchi mawili. Anayepokea watu ni katibu, afisa mteule mstaafu ambaye kila anayeingia humwita afande, hata wajukuu waliotumwa kuleta ada ya babu.

Sifa yao kubwa ni kazi ya nyaraka, na kwa hiyo pekee ningemshauri mstaafu yeyote ajiunge. Pensheni ya askari wa Jeshi la Wananchi hulipwa na Hazina, wala haipitii PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, lakini wengi huchanganya, hasa kwa kuwa mfuko huo, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya pensheni, una makao makuu yake hapa hapa Dodoma. Siku moja tulikuta kwenye benchi mama mmoja kutoka Kongwa ambaye nauli yake yote ilikuwa imeishia kwenye madirisha yasiyohusika. Afande alimweleza kwa utaratibu ni nani anayelipa nini, akamwandikia orodha ya vitu vya kuleta kwa herufi kubwa: barua ya tuzo la kustaafu, namba ya jeshi ya marehemu, cheti cha ndoa, cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho na taarifa za benki.

Ilipofika zamu yetu, alipanga karatasi za mama mezani, akaweka rula chini ya jina la baba katika kila karatasi na kulisoma herufi kwa herufi. Kwenye cheti cha ndoa jina la ukoo lilikuwa limepungua herufi moja, jambo ambalo sisi tulikuwa tumeishi nalo miaka yote bila kuliona. “Mama, kwako huyu ni mumeo,” alisema, “lakini mbele ya mhasibu hawa ni watu wawili.” Akatuelekeza kuandaa hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kabla hatujawasilisha chochote. Nimeona familia nyingine zikirudishiwa faili kwa kasoro ya namna hiyo hiyo baada ya kusubiri kwa muda mrefu, kwa hiyo najua ile rula ilituokoa na nini.

Katika mirathi pia wanaijua njia. Walitusaidia kuandika muhtasari wa kikao cha ukoo kwa namna inayokubalika mahakamani, wakatueleza kwamba mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu na kwamba mirathi nyingine hupelekwa ngazi za juu, na wakamkumbusha kaka yangu, aliyeteuliwa kuwa msimamizi, kwamba uteuzi haumfanyi kuwa mmiliki: anatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Hilo la mwisho wazee walilisema mbele ya ukoo mzima, kwa sauti ya kikao cha kambini, na ninaamini lilizuia ugomvi ambao ulikuwa umeshaanza kunong’onwa jikoni.

Msibani kwenyewe walifanya yale yanayotarajiwa, yaani rambirambi, turubai, viti na mzee wa kusoma wasifu wa utumishi. Nililothamini zaidi ni kwamba hawakukoma baada ya arobaini. Mjumbe wao wa Nzuguni humpitia mama, huuliza kuhusu dawa za shinikizo la damu, hukaa, hunywa chai, kisha huondoka na taarifa kwa katibu. Kizazi chao kinahitaji ufuatiliaji wa namna hiyo. Askari aliyekuwa na miaka 20 wakati majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978 sasa anakaribia 70 au ameshaivuka, na wengi wao wanaishi Bahi, Mpwapwa au Chamwino vijijini, mbali na hospitali kubwa za mjini.

Nitaje pia jambo ambalo watu hulizungumza kwa aibu. Umoja huu huwasindikiza wanachama wake hadi Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Katika mji ambao jina la Mirembe limegeuzwa kuwa tusi la watoto mitaani, kumwona koplo mstaafu akikaa kwenye foleni na mwenzake waliyelala naye handaki moja, bila kumficha uso, ni huduma ambayo fedha hainunui. Hitaji hilo halitakoma na wazee wa Kagera. Vijana wetu wamelinda amani Darfur, ambako 7 waliuawa Julai 2013, na mashariki mwa Kongo, ambako shambulio la Desemba 2017 huko Semuliki liliua askari wetu wasiopungua 14 kwa usiku mmoja. Walionusurika nao watastaafu, na umoja huu hauna hata kijana mmoja wa rika hilo katika kamati yake.

Sasa malalamiko. La kwanza ni la wajane. Mume akifariki, mjane huendelea kulipa ada ile ile ya shilingi 5,000 kwa mwezi na kuchangia misiba kama wengine, lakini kwenye mkutano mkuu hana kura. Huketi nyuma, hupika, na husomewa mapato na matumizi ambayo hawezi kuyahoji. Nimeisoma katiba yao, ile iliyosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, na inamtaja mwanachama kuwa “askari aliyetumikia kikosi” tu. Kifungu hicho kinarekebishika kwa mkutano mmoja. Isitoshe, wajane hao wangeweza kusaidiwa kuunda kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba kupitia fungu la asilimia 4 linalotengwa kwa ajili ya wanawake. Tulipolipendekeza tuliambiwa ni jambo zuri na litaangaliwa, na mpaka leo linaangaliwa.

La pili ni mgambo. Vita vya Kagera vilipiganwa pia na wanamgambo waliotolewa mashambani, wakafika mbele, kisha wakarudi kulima. Umoja huu hauwapokei kwa kuwa hawana namba ya jeshi. Naelewa kwamba ni umoja wa kikosi, lakini mzee aliyebeba sanduku la risasi kwa ajili ya kikosi hicho hicho alistahili walau kupewa hadhi ya mwanachama mshiriki.

La tatu linanitia hofu kuliko yote. Kumbukumbu zote ziko katika daftari moja ndani ya lile kabati la chuma, na zilizobaki ziko kichwani mwa afande, ambaye mwaka huu ameanza kwenda kliniki ya macho. Hakuna nakala, hakuna msaidizi anayefundishwa. Tulijitolea kuingiza orodha ya wanachama kwenye kompyuta bure. Kamati ilihofia siri za watu, hofu ambayo ina msingi, ila haikupendekeza njia nyingine.

Kiingilio ni shilingi 20,000. Risiti hutolewa, lakini uiombe. Anayekwenda kwa mara ya kwanza afike kabla ya saa 3 asubuhi, achukue nyaraka halisi pamoja na nakala zake, na kama mstaafu bado yupo na ana nguvu, aende naye mwenyewe, kwa sababu maswali mengi ya afande, ya kombania ipi, mwaka gani, chini ya kamanda yupi, ni yeye pekee anayeweza kuyajibu.