Nimesomea kupanga muda wa sabtaito za tamthilia za Kikorea

Mdogo wangu ni kiziwi tangu akiwa na miaka minne. Alisoma shule ya viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam, akarudi nyumbani Morogoro akiwa anasoma na kuandika vizuri, na hakuna kitu anachokipenda kama tamthilia za Kikorea. Zile zilizotafsiriwa kwa sauti, ambazo mtaa mzima unazifuata kibandani, kwake hazina faida. Yeye anategemea sabtaito, yaani maandishi ya chini ya picha. Miaka yote nimekaa naye nikimwona anarudisha nyuma, anarudisha tena, kwa sababu mstari umeondoka kabla hajaumaliza. Hilo ndilo lililonifanya nijiandikishe, mwezi wa pili mwaka huu, kwenye mafunzo ya watu wanaojitolea kupanga muda wa sabtaito.

Kundi lenyewe sitalitaja, maana nina malalamiko na wale ni watu wasiolipwa hata senti. Mafunzo ni bure, wiki sita, kwa Kiingereza, kila mwanafunzi na mwalimu wake. Mwalimu wangu alikuwa dada mmoja aliyeko Brazil. Tulikutana mtandaoni saa 3 usiku, kwao saa 9 alasiri, nikiwa nimeshafunga duka langu la steshenari na kubaki peke yangu na kompyuta ya kazi.

Wengi wetu tunadhani sabtaito ni kutafsiri tu. Kabla mtafsiri hajaandika neno, kuna mtu ameshakaa na video akaikata vipande: mstari huu uingie hapa, utoke pale. Hata Viki, ile tovuti ya tamthilia za Asia iliyonunuliwa na Rakuten ya Japani mwaka 2013, imejengwa juu ya watu wa kujitolea, na wakataji wana nafasi yao mbali na watafsiri. Wala huhitaji kujua Kikorea. Nilijiunga nikiwa na hofu hiyo, ikaisha wiki ya kwanza. Mkorea anapomaliza sentensi kwa adabu utasikia "yo" au "nida" mwishoni, kwa sababu kitenzi chao hukaa mwisho. Ukishazoea hizo mbili, na ukajifunza kusikia pumzi ya mtu kabla hajaanza kusema, unajua pa kukata hata kama huelewi anachosema.

Programu tuliyofundishiwa ni Aegisub. Ni ya bure, ilianza mwaka 2005, na kwenye kompyuta yangu ya mtumba inakwenda bila shida. Juu kushoto kuna video, kulia kuna picha ya sauti, chini kuna orodha ya mistari yote. Unabofya kitufe cha kushoto cha mausi kuweka mwanzo wa mstari, cha kulia kuweka mwisho, halafu unasikiliza. Ukishaizoea, mkono wa kushoto hauondoki kwenye kibodi: S inacheza kipande ulichochagua, Q inacheza nusu sekunde kabla yake, W nusu sekunde baada yake, na G inakubali ulichofanya na kukupeleka mstari unaofuata.

Hiyo Q ndiyo iliyonifundisha kazi. Kwenye zoezi la pili kulikuwa na mama anamkemea mwanawe: "Hajima!", yaani acha. Mimi niliangalia mawimbi ya sauti, nikaona yanapanda ghafla, nikaweka mwanzo palepale yanapopandia. Mwalimu akanirudishia, akaniambia nibonyeze Q. Nikabonyeza, nikasikia "h" ya mwanzo imebaki nje ya mstari wangu. Herufi h ni pumzi tu, kwenye mawimbi ni vigumu kuiona, yanakuja kupanda kwenye "a" inayoifuata. Akanionyesha jinsi ya kubadili picha ya sauti iwe ile ya rangi, inayotandaza sauti nyembamba juu na nzito chini. Hapo ile pumzi ikaonekana kama ukungu mwepesi, na kila s ikawa doa juu kabisa. Tangu siku hiyo siamini macho peke yake. Nikibonyeza Q nikasikia hata mwanzo wa silabi, najua nimechelewa.

Somo la mabadiliko ya picha, yaani pale kamera inaporuka kutoka picha moja kwenda nyingine, ndilo zuri kuliko yote, na wamelifundisha kwa uvumilivu mkubwa. Video ya fremu 24 kwa sekunde, yaani picha tuli 24 zinazofuatana, kila fremu inakaa kama milisekunde 42. Ukiacha mstari uvuke kwenda kwenye picha inayofuata kwa fremu tatu tu, mtazamaji anaona mmweko. Jicho linaweza kudhani maandishi yamebadilika, likarudi mwanzo wa mstari kusoma upya, na mstari wenyewe ndio huo umeshatoweka. Nilipomweleza mdogo wangu hili kwa alama, aliinuka kwenye kiti. Kumbe miaka yote alidhani ni macho yake yana tatizo.

Wiki ya nne nikamfanya mkaguzi wangu. Nilimpa dakika kumi za tamthilia niliyoikata mimi, ikiwa imeshaandikwa Kiswahili, nikamwambia anyooshe mkono kila mstari unapomkimbia. Alinyoosha mara 14. Na kazi ile ilikuwa imefaulu kwa vipimo vya kundi! Kanuni zao zinaruhusu herufi 20 kwa sekunde, mistari miwili kwa wakati mmoja, herufi 42 kwa mstari, na maandishi yasikae zaidi ya sekunde 7. Hizo 42 na hizo 7 ndizo utazikuta pia kwenye mwongozo wa Netflix, kwa hiyo si za kubuni. Lakini lugha aliyoizoea zaidi mdogo wangu ni ya alama, Kiswahili ni ya pili, na neno kama "wasingetuambia" linabeba sentensi nzima ndani yake. Hulipiti kwa kulitupia jicho.

Nikarudia kipande chote kwa herufi 14 kwa sekunde. Aegisub ina safu inayohesabu yenyewe, na kadiri mstari unavyozidi kasi ndivyo kisanduku chake kinavyozidi kuwa chekundu. Mbinu ni kuuacha mstari ukae kidogo baada ya mtu kunyamaza, kama kuna nafasi kabla ya anayefuata. "Mianhae", nisamehe, Mkorea anaitamka kwa nusu sekunde. Kuiacha ikae sekunde nzima na nusu hakumdhuru mtu. Mara ya pili alinyoosha mkono mara 3, zote kwenye ugomvi wa mezani ambapo watu wanne wanasema kwa pamoja, na pale hata mimi sina la kufanya.

Sasa malalamiko. Masomo yote yamewekwa kwa video, hakuna hata ukurasa mmoja wa maandishi. Kwa sisi tunaonunua bando hilo ni jambo kubwa, wiki ya kwanza pekee ilinimalizia bando la mwezi. Zoezi langu la tatu lilikaa siku 11 bila kujibiwa. Mtihani wa mwisho niliambiwa nimefeli mistari tisa bila kuambiwa ni ipi, ikabidi nisikilize upya yote 312 usiku mmoja, umeme ukikatika katikati. Niliipata, lakini mwanafunzi anayetaka kujifunza anastahili kuonyeshwa alipokosea.

Kubwa kuliko hayo, wiki sita nzima hawakugusa mtazamaji asiyesikia. Mlango unagongwa, simu inaita, mtu analia chumba cha pili: kwao hayo si maneno, basi hayakatiwi kipande. Nilipouliza nikajibiwa kwamba si sehemu ya mtaala.

Pamoja na hayo ningekushauri ujiunge na mafunzo ya aina hii, kama una kompyuta, una saa mbili kila usiku, na Kiingereza chako kinatosha kufuata maelekezo. Usijaribu kwa simu. Nunua earphone za waya, kwa sababu zile za bluetooth huchelewesha sauti na utakata kila kitu kwa kuchelewa. Kwa mafundisho ya sikio na picha nawapa nne na nusu kati ya tano. Kwa namna wanavyomjali mwanafunzi aliye mbali nawapa mbili.

Kundi nimeliandikia kuomba waongeze somo la sauti zisizo maneno, na nimejitolea kuliandaa mimi na mdogo wangu. Bado hawajajibu. Kwenye sehemu ninayoikata sasa nimeanza kuziweka mwenyewe, na yeye ndiye anayeniambia zipi zinamsaidia. Mvua alisema niiache, anaiona. Hatua za mtu aliye nyuma ya mlango anazitaka zote.