Redio ndogo ya mkononi: ipime masikio kabla ya kuuliza wati

Mwaka jana nilinunua redio ya mkononi ya kuzungumzia, ya aina ya woki-toki, ndogo kiasi cha kufichika kiganjani, kwa shilingi 3,800 katika duka moja la hapa Mombasa. Duka silitaji, na redio yenyewe siitaji, kwa kuwa kosa nililolifanya ningeweza kulifanya katika duka lolote. "Chukua hii, dada," aliniambia muuzaji, "ni wati nane, yafika mpaka Voi." Nilijua kwamba haifiki Voi, maana mawimbi ya masafa haya hayapindi sana na ardhi, na Voi iko mbali mno kwa redio iliyo mkononi mwa mtu aliyesimama kisiwani. Niliinunua hata hivyo, kwa sababu ilikuwa na skrini ya rangi, ilikuwa nyepesi, na ilikuwa na tochi.

Siku chache baadaye nilikwenda ufukwe wa Mama Ngina jioni kusubiri kituo cha anga za juu cha kimataifa, ambacho nyakati fulani hutuma picha kwa sauti katika megahezi 145.800. Picha moja huchukua kama dakika mbili, na kituo hupita juu yetu kwa dakika zipatazo 10, kwa hiyo anayejipanga vizuri huambulia picha mbili au tatu. Mwenzangu alisimama hatua tatu kutoka nilipokuwa, ameshika redio ya Yaesu FT-60R iliyokwaruzika pembe zote, nami nikaiweka simu yangu kando ya spika ya redio yangu mpya ili programu itafsiri milio kuwa picha. Wakati huohuo meli ya makasha ilikuwa ikiingia Kilindini, na kila ilipozungumza na bandari, milio katika redio yangu ilikatika na kwenye skrini ya simu ukachorwa mstari mpana wa chenga. Nilipata nusu ya picha moja. Mwenzangu alipata tatu, na kati yao ni moja tu iliyokuwa na doa. Muuza mihogo aliyekuwa akitutazama aliuliza kama yangu ni ya watoto.

Tangu jioni ile nimesoma miongozo mingi ya kununua redio hizi, na karibu yote huzungumzia wati, ukubwa wa betri na idadi ya chaneli. Kwa mkazi wa mji wa bandari hayo yote ni ya pembeni. Swali la kwanza ni hili: redio inasikia nini pale inapozungukwa na kelele za wengine?

Redio nyingi za bei ya chini hujengwa juu ya chipu moja inayobeba karibu kila kitu. Katika UV-5R ya Baofeng, iliyoingia sokoni mwaka 2012, chipu hiyo ni ya familia ya RDA1846, na katika UV-K5 ya Quansheng ni BK4819. Chipu hizi ndizo zilizoshusha bei, na mimi ni miongoni mwa walionufaika. Tatizo liko mlangoni, kabla mawimbi hayajafika kwenye chipu, kwa sababu hapo vichujio ni vichache na vipana. Sisi wapenzi wa redio tunasikiliza kati ya megahezi 144 na 146, meli huzungumza kuanzia 156 na kuendelea, na redio ya meli hutoa hadi wati 25. Tofauti ya megahezi 10 ni ndogo mno kwa mlango ulioachwa wazi. Meli inapozungumza mita mia chache kutoka ulipo, nguvu yake huijaza redio yako hadi isisikie tena kile ulichokuwa ukikisikiliza, ingawa skrini bado inaonyesha masafa yaleyale na hakuna chochote kinachokuambia kwamba umekuwa kiziwi. Ongeza stesheni za FM na minara iliyo juu ya mapaa ya mjini, nawe utaelewa kwa nini redio inayosifiwa na mtu wa shambani huenda isifae kitu katika barabara ya Digo.

Redio za mtindo wa superheterodaini hufanya kazi tofauti. FT-60R, kwa mfano, hupitisha mawimbi kwenye vichujio, ikayahamishia masafa ya kati ya megahezi 47.25, ikayachuja tena, kisha ikayashusha hadi kilohezi 450 na kuyachuja kwa mara nyingine. Vichujio hivyo vinataka nafasi na fedha, na ndiyo maana redio hiyo ni nzito na ghali.

Kuipima redio hakuhitaji mtambo. Mwombe mwenzako mwenye leseni azungumze kutoka mbali kwa nguvu ndogo, kiasi cha kumsikia kwa shida, nawe usimame mahali penye mawimbi mengi. Sikiliza kwa antena ya kawaida, kisha uifungue na uweke fupi zaidi, au uchomeke kipande cha waya usiozidi urefu wa kidole. Akili inasema kwamba sauti inapaswa kufifia. Ikiwa badala yake inasikika vizuri zaidi, basi redio yako ilikuwa imezidiwa, na kuipunguzia antena kumeipa nafuu. Hii pia ndiyo sababu ile antena ndefu ambayo wauzaji hukuongezea kwa shilingi 800 mara nyingine huharibu mambo: huongeza sauti ya rafiki yako na ya meli kwa pamoja.

Kuhusu wati nitasema kidogo tu. Kutoka wati 5 hadi 10 ni ongezeko la desibeli 3, nalo ni nusu ya kipimo kimoja cha S, kile cha kupimia nguvu ya mawimbi yanayopokewa, ambacho ni desibeli 6. Anayekusikiliza hatatambua tofauti hiyo kwa urahisi, ilhali betri yako itaitambua.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi kwamba nina upendeleo kwa Yaesu.

Ya kwanza ni FT-60R. Si ndogo kama nyingine, na bei yake inaweza kuwa mara tano au sita ya redio ya kawaida ya Kichina, lakini inatoa wati 5, inaendesha bendi zote mbili, ile ya megahezi 144 (VHF) na ile ya 430 (UHF), na ukinunua kisanduku chake cha betri unaweza kutumia betri sita za AA kutoka duka lolote la mtaani umeme unapokatika. Menyu yake ni ya kizamani, na utajifunza kuichukia kabla ya kuizoea. Anayesafiri kwa mashua atafute ndugu yake VX-6R, inayovumilia kuzamishwa futi 3 kwa dakika 30, kwa sababu chumvi ya huku hula vituo vya shaba vya betri kabla ya mwaka kuisha.

Ya pili, na ndiyo ninayoibeba mimi, ni VX-3R. Hii ndiyo ndogo ya kweli: milimita 47 kwa 81 kwa 23, yaani inaingia katika kikoba cha kuwekea funguo. Haitengenezwi tena, kwa hiyo utaipata iliyotumika tu, nami nilimngoja mwenye kuuza yake kwa miezi. Kwa betri yake inatoa wati 1.5 katika VHF na 1 katika UHF, kiasi ambacho muuzaji wa mjini angekicheka, lakini inasikia kuanzia kilohezi 500 hadi megahezi 999, na hapo Mama Ngina imenipa picha nzima mara mbili meli zikipita. Ina kasoro: hupata joto ukizungumza mfululizo, na betri yake ya mAh 1000 haimalizi siku ya mtu msemaji.

Ya tatu ni UV-K5. Nayo ni ya chipu moja na mlango wake uko wazi, lakini wapenzi wa redio wameiandikia programu mpya zinazoweza kuonyesha kwenye skrini mawimbi yaliyo jirani, kwa hiyo angalau unamwona anayekuziba masikio. Kama fedha zako zinaishia hapa, nunua hii, bakia na antena iliyokuja nayo, na upendelee megahezi 430 hadi 440, ambazo ziko mbali zaidi na meli.

UV-5R inatosha kujifunzia. BF-T1, nayo ya Baofeng, ni ya UHF pekee, na BF-888S haina skrini, ina chaneli 16 zilizopangwa kiwandani, baadhi yake nje kabisa ya bendi zetu. Ni redio za walinzi na wapanga harusi, na huko zinafaa.

Linaloniudhi ni kwamba dukani zote hizi ni "woki-toki" tu, nazo hupangwa kwa idadi ya wati zilizobandikwa ubavuni. Niliomba kufungua boksi nijaribu kusikiliza, nikajibiwa kwamba boksi likifunguliwa limenunuliwa. Mbaya zaidi, nimemwona muuzaji akimpangia mvuvi redio ya namna hii katika megahezi 156.800, ambayo ni chaneli 16 ya meli zilizo hatarini, bila kumwambia kwamba redio hiyo haikuidhinishwa kwa kazi ya baharini. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ninayo, pamoja na jina la wito linaloanza na 5Z kama Wakenya wenzangu wote wenye hamu hii, lakini kwa muuzaji lingekuwa sawa hata ningekuwa sina.

Niliirudisha redio yangu wiki ya pili. Muuzaji aliigeuza, akabonyeza kitufe cha ubavuni, tochi ikawaka. "Mbona nzima, dada," akasema, na akakataa kunirudishia hata nusu ya fedha. Sasa iko jikoni karibu na mita ya umeme, na hutumika kwa kazi hiyohiyo aliyoithibitisha.